Kadi zangu zinachafua vidole na mkunjo unapasuka: kosa ni la wino, la karatasi au la mkono wangu?

"Shikamoo mama. Naishi Tanga na huu ni mwaka wa pili natengeneza kadi za mkono: za Idi, za Krismasi, za kipaimara, na sasa watu wameanza kuniagiza za harusi. Maua na maneno nayagonga kwa mihuri. Mingine ni ile ya plastiki angavu niliyoagiza mtandaoni, mingine nimechongewa na fundi mihuri mjini. Wino wangu ni ule wa mihuri ya ofisini. Mwezi wa nne nilipata oda ya kadi 60, mteja akataka karatasi ya kung'aa. Niligonga Jumatano, nikazitia kwenye bahasha. Ijumaa mteja kafungua ya kwanza, maneno yamehamia kwenye bahasha na vidole vyake vimekuwa vyeusi. Alichukua 20 tu, 40 ninazo ndani. Isitoshe, kadi zangu nikizikunja zinapasuka mgongoni. Mihuri ya plastiki inatoa picha yenye madoadoa. Vile vibati vya kukatia maumbo nilivyoazimwa pamoja na mashine yake ya mkono vinakata kona tatu, ya nne inagoma. Unga wa kuvimbisha maandishi, ule unaonyunyizwa juu ya wino mbichi na kuyeyushwa kwa joto ili herufi ziinuke, nao nilijaribu kuuyeyusha kwa draya ya saluni, ukaruka wote. Jirani anasema wino ni feki. Binamu yangu anasema ninunue mashine kubwa, na akiba kidogo ninayo. Nianze na nini? Na hizi 40 nizitupe?"

Marahaba, mwanangu, na pole. Kadi iliyorudishwa inauma kuliko nguo iliyorudishwa kwa fundi, maana nguo unaweza kuifumua ukaishona upya.

Umeniletea malalamiko matano kwa mkupuo, na jirani na binamu kila mmoja ameyapa dawa moja. Mimi nayagawa hivi. Makubwa mawili, wino usiokauka na mkunjo unaopasuka, yote ni mambo ya karatasi. Umekuwa ukinunua karatasi kwa macho tu, kama mtu anayechagua kitambaa kwa rangi bila kukishika. Matatu yaliyobaki ni madogo na utayamaliza kwa jioni moja bila kutoa hela ya maana. Kwa hiyo akiba yako iache ilipo kwanza.

Tuanze na wino, kwa kuwa ndio uliokuaibisha. Si feki. Umefanya kazi ileile uliyotengenezewa. Fikiria pedi ya muhuri kwenye ofisi ya mtendaji: inafunguliwa asubuhi, inagongea barua hamsini, inasahauliwa wazi mezani mpaka jioni, na kesho yake bado ina unyevu. Haikauki kwa sababu rangi ile imechanganywa na maji pamoja na gliserini au kitu cha jamii yake. Gliserini haina tabia ya kuruka hewani kama spiriti. Kinyume chake, huvuta unyevu kutoka hewani, na ndiyo maana watu huipaka mikononi ngozi isikakamae. Aliyeutengeneza wino huo alitaka pedi iishi miezi, na amefanikiwa.

Utauliza, mbona barua ya mtendaji ukiigusa baada ya dakika moja haichafui? Kwa sababu wino ule haukauki kwa hewa, unakauka kwa kunywewa. Karatasi ya kawaida ya ofisi ni mkeka wa nyuzi za mti wenye vitundu visivyohesabika. Wino ukitua juu, nyuzi zinaufyonza, unazama, na kidole hakiukuti tena. Karatasi ya kung'aa haina huo mdomo. Imepakwa tabaka laini la udongo mweupe wa kaolini au unga wa chokaa, likasuguliwa mpaka likang'aa, na nyingine zimefunikwa juu kwa plastiki nyembamba kabisa. Wino wa ofisi hapo unakaa kama mafuta kwenye sinia. Halafu ni Tanga, mwezi wa nne, masika yamekolea, nguo zenyewe hazikauki kambani; ile gliserini inazidi kunywa unyevu wa hewa. Ulipozitia kadi kwenye bahasha za karatasi ya kawaida, wino ulipata mara ya kwanza kitu cha kuunywa. Ukahamia huko.

Sasa kuna mtego ambao nataka uujue kabla hujakwenda dukani. Ukimwambia muuzaji "sitaki ya kung'aa", atakupa ya mati, yaani ile yenye uso uliofifia, na wewe utaondoka umeridhika. Mati si lazima iwe haijapakwa. Karatasi nyingi za mati zina tabaka lilelile, ila halikusuguliwa likang'aa. Macho hayatakusaidia. Nenda na muhuri na pedi yako kwenye mkoba, omba kipande kidogo cha kila karatasi, gonga, hesabu pole pole mpaka sitini, kisha pitisha dole gumba kwa nguvu. Ikitoa mkia wa wino, hiyo si ya kwako. Muuzaji akikuangalia vibaya, mwache aangalie. Mimi hufanya hivyo mpaka leo, hata kwa karatasi ninayoijua, kwa sababu pakiti mpya inaweza kuja na tabia mpya.

Kwa kadi inayosimama mezani bila kulegea, tafuta uzito wa gramu 220 hadi 300 kwa mita ya mraba, ndiyo namba inayoandikwa kwenye pakiti. Karatasi ya fotokopi ni gramu 80, na manila ya shule mara nyingi ni nyepesi mno kwa kadi ya harusi, ingawa kwa kadi ya Idi ya watoto inatosha. Manila hunywa wino vizuri sana, wakati mwingine kupita kiasi: maandishi madogo yanatambaa na kupata ndevu. Ukiona ndevu, punguza wino kwenye muhuri kabla hujailaumu karatasi.

Na mteja akishikilia kwamba lazima ing'ae? Wapo, na hela yao ni hela. Hapo ndipo unabadilisha wino, na wino wa mihuri una familia zake. Wino wa rangi iliyoyeyuka hukauka haraka kwenye karatasi inayokunywa lakini hupauka ukikaa juani. Wino wa chembe, ule mzito kama rangi ya ukuta, hukaa juu ya karatasi, unaonekana vizuri hata kwenye karatasi nyeusi na haupauki upesi, ila unachelewa kukauka. Ndio unaopendwa kwa unga wa kuvimbisha. Wa tatu ni wino wenye kiyeyusho kikali, kama StazOn wa kampuni ya Tsukineko ya Japani. Huo haungoji kunywewa. Kiyeyusho kinaruka hewani na rangi inabaki imeshika, hata kwenye kioo au plastiki. Usipoupata wa wasanii, waulize wauza vifaa vya viwandani wino wa kukauka haraka, wa kugongea tarehe kwenye chupa na vifungashio. Kazi ni ileile.

Wino huo una masharti. Pedi yake inakauka ukiiacha wazi, na unaweza kuidhuru mihuri ya plastiki angavu, kwa hiyo tumia ile ya mpira. Harufu yake ni kali. Fanyia kazi barazani au dirisha likiwa wazi, watoto wasiwepo, na kama una pumu usiuguse kabisa. Kifua kikianza kubana au kichwa kuuma baada ya kazi, acha siku hiyohiyo, na hali isipotulia nenda kituo cha afya umwambie daktari umetumia nini. Hakuna oda ya kadi yenye thamani ya kifua chako.

Ukiniuliza mimi, ningembembeleza mteja. Ningemwonyesha kadi mbili zilizokwisha kutengenezwa, moja ya kung'aa na moja ya karatasi nzito isiyopakwa, nimwache azishike. Mara nyingi mkono unachagua ile nzito.

Tuje kwenye mkunjo.

Karatasi ina mwelekeo, kama kitambaa na kama ubao. Kiwandani, uji wa nyuzi humwagwa juu ya wavu unaokwenda kasi, na nyuzi nyingi hulala kufuata mwendo wa wavu, kama magogo yanavyojipanga kwenye mkondo wa mto. Ukikunja kwa kufuata nyuzi, zinaachana kidogo tu. Ukikunja kwa kuzikatisha, unazivunja. Karatasi nyembamba husamehe. Ya gramu 250 haisamehi, na iliyopakwa tabaka ndiyo mbaya zaidi, maana tabaka lenyewe halijui kukunjika, linameguka na kuacha ule mstari mweupe mgongoni.

Haya nilifundishwa na mzee mmoja aliyekuwa akijalidi vitabu kwenye kiwanda kidogo cha chapa. Nilimpelekea rundo la kadi zangu zilizopasuka nikitegemea aniuzie karatasi bora. Hakuniuzia kitu. Alichukua kipande cha karatasi yangu, akalowesha ukingo mmoja kwa ulimi, akalowesha na ukingo wa pili unaokutana nao kwenye kona, akakiweka mezani mbele yangu. Ukingo mmoja ulibaki umenyooka. Wa pili ukaanza kujikunjakunja mawimbi, kama pindo la gauni la mtoto. Nyuzi zikinywa maji, akaniambia, hazirefuki, zinanenepa. Penye mawimbi ni pale nyuzi zinapoishia, kila moja imenenepa na kumsukuma mwenzake. Ukingo ulionyooka ndio unaokwenda pamoja na nyuzi. Kunja sambamba na huo. (Hapo hapo nikajua kwa nini kadi ninazozibandika kwa gundi ya maji hupinda upande mmoja. Tangu siku hiyo gundi hiyo naipaka kiduchu, au natumia selotepu ya pande mbili.)

Kama hutaki kulamba karatasi, ikunje nusu bila kuibana, uisikie inavyokataa. Geuza upande wa pili, isikie tena. Upande unaokataa kidogo ndio wa nyuzi.

Sasa angalia jambo hili, maana nadhani ndipo kadi zako zinapokufia. Karatasi ya A4 ni milimita 210 kwa 297, na nyingi nyuzi zake hulala kufuata ule upande mrefu. Unaweza kupata kadi mbili ndogo kutoka karatasi moja kwa njia mbili. Ya kwanza, unakata urefu katikati, unapata vipande viwili vya 210 kwa 148, kila kimoja unakikunja ile 210 iwe 105. Ya pili, unaichana karatasi kwa kufuata urefu, unapata vipande viwili virefu vya 105 kwa 297, kila kimoja unakikunja katikati. Njia zote mbili zinakupa kadi ya 105 kwa 148. Ukiziweka mezani zimefungwa huwezi kuzitofautisha kwa ukubwa. Lakini ya kwanza umeikunja pamoja na nyuzi, na ya pili umezivunja zote. Wengi hupenda ya pili kwa kuwa kadi inafunguka kwa juu kama hema, inapendeza. Na kadi kubwa, ile ya A4 nzima iliyokunjwa mara moja, nayo inakatisha nyuzi. Hapo itabidi uombe duka la karatasi wakukatie kutoka kwenye shiti kubwa, ukiwaonyesha kwa kidole mkunjo utakaa wapi. Pima kila pakiti, kwa sababu karatasi nzito hukatwa kutoka shiti kubwa na mkataji huangalia kupunguza mabaki, haangalii nyuzi zako.

Hata ukiufuata mwelekeo, usikunje karatasi nzito kwa vidole vitupu. Chora mfereji kwanza. Huhitaji kifaa cha kununua: peni iliyokwisha wino kabisa, rula ya chuma, na gazeti lililokunjwa mara kadhaa chini ili karatasi ipate pa kuzama. Pitisha mara mbili, ya kwanza kwa upole. Upande mmoja utaona mfereji, upande wa pili utaona nundu. Kinachowachanganya watu ni wapi pa kukunjia. Nundu inaingia ndani ya kadi, mfereji unabaki nje mgongoni. Najua inaonekana kinyume, maana mfereji unaita mkono uukunje kuelekea ndani yake. Ukitii wito huo, ngozi ya nje ya karatasi inavutwa mpaka inachanika.

Mihuri ya plastiki yenye madoadoa haina ugonjwa mkubwa. Ikitoka kiwandani huwa na utando laini, mabaki ya kutoa muhuri kwenye kalibu, na utando huo unaukataa wino ukajikusanya matone. Chukua ufutio mweupe wa penseli, sugua uso wa muhuri kwa upole mpaka ung'avu ule wa kioo upungue, osha kwa maji na sabuni ya vyombo, ukauke. Halafu badilisha mkono: usiupeleke muhuri kwenye pedi, ipeleke pedi kwenye muhuri, ukiigusisha gusisha kidogo kidogo. Chini ya kadi weka kitu chenye kulainika kidogo, mathalani pedi ya kipanya cha kompyuta. Bonyeza wima, usitikise kama unayefuta meza. Ukifanya yote hayo na bado inatoa madoa, basi umeuziwa ya silikoni ya bei rahisi, na hiyo wino hautaipenda maisha. Isamehe, nunua michache mizuri. Na usiianike dirishani. Jua huigeuza njano na kuifanya iwe migumu.

Ile ya fundi mihuri mjini mara nyingi ni bora kuliko unavyodhani. Mwambie tu achonge kina kirefu zaidi ya cha muhuri wa ofisi, na umpelekee mchoro wenye mistari minene. Fundi wa mihuri hufikiria jina na sanduku la posta. Maua ya mwasumini lazima umweleze.

Kuhusu vibati na ile kona inayogoma. Mashine hizi za mkono ni rola mbili na mpini. Unapanga bamba la plastiki, karatasi, kibati kikiangalia karatasi kwa ule upande wa makali, bamba jingine juu, unazungusha, na rola zinabana vyote kwa pamoja. Hakuna umeme wala uchawi. Ikigoma kona moja, kosa liko mahali pamoja kati ya matatu, na unaweza kulikamata. Geuza mabamba, la juu liende chini, kisha kata tena. Kama pasipokatika pamehama, mabamba yamepinda. Yatumie kwa zamu, ukiyageuza kila mara. Kama pamebaki palepale, kizungushe kibati chenyewe nusu duara. Pasipokatika pakikifuata kibati, makali yake hapo yamelala. Pakibaki upande uleule wa mashine, rola hazibani sawa.

Kwa makali yaliyolala au mabamba yaliyochoka, ongeza karatasi moja ya fotokopi juu ya kibati, halafu ya pili, lakini siyo tano. Kilaze kibati mshazari kidogo ili rola isikutane na ukingo wake mzima kwa mara moja. Mlio wa kukwaruza ni wa kawaida. Mpini ukikaza usiulazimishe kwa uzito wa mwili. Rudisha nyuma, punguza kitu. Na kama kosa ni la rola, usiifungue mashine ya watu kwa bisibisi. Mrudishie mwenyewe mkaione pamoja na fundi wa mitambo anayeweza kuzipima rola, maana ukiilegeza vibaya utailipa.

Karatasi yenye unyevu nayo huponyoka makali, inavutika badala ya kukatika. Msimu wa masika hifadhi karatasi zako kwenye ndoo yenye mfuniko pamoja na vile vifuko vya chembechembe vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu.

Draya ya saluni imeundwa kupuliza sana na kupasha kidogo, ndiyo maana unga uliruka. Kuvimbisha kunataka kinyume chake, joto jingi na upepo mdogo. Mafundi simu wana blowa ya hewa moto. Ukiweza kuazima, weka upepo wa chini kabisa. Ukikosa, joto la kutoka chini linafaa kuliko unavyofikiri. Weka kikaango kikavu jikoni kipate moto, shika kadi kwa kibanio cha nguo, ipitishe juu yake kama upana wa vidole viwili, unga ukiangalia juu. Mwanzoni unga umefifia, una chembe kama sukari. Ghafla utaona sehemu moja inalainika na kung'aa kama samli inayoyeyuka, na mng'ao unatembea herufi hadi herufi. Ondoa hapo hapo. Ukichelewa, unga unazama kwenye karatasi na kuacha doa la mafuta. Usifanye hivi juu ya mwali wazi, karatasi inashika moto upesi, na usimwachie mtoto. Ukiungua, maji baridi yanayotiririka kwa dakika ishirini, si dawa ya meno. Na likitoka lengelenge kubwa, hospitali.

Kabla ya kumwaga unga, sugua kadi kwa kitambaa chenye poda ya mtoto kidogo mno, ili unga usishike mahali palipo na jasho la vidole.

Nirudi kwenye akiba yako. Mashine kubwa inakata haraka, lakini haitakausha wino wala haitazuia mkunjo kupasuka, kwa hiyo ungekuwa na makosa yaleyale kwa kasi zaidi. Kwa oda za kadi kumi, ishirini, hiyo ya kuazima inatosha. Oda ya harusi ya kadi mia yenye umbo moja la kukatwa, usijiue: peleka kwenye duka lenye mashine ya leza, au kiwanda cha chapa wakutengenezee kisu cha umbo lako kwenye ubao, wakukatie zote kwa saa chache, wewe ubaki na kugonga, kuvimbisha na kupamba. Leza huacha ukingo wa kahawia kidogo kwenye karatasi nyeupe, uliza wakuonyeshe sampuli kwanza. Utakapojikuta unapeleka huko kila mwezi, hesabu ulichowalipa mwaka mzima, hapo ndipo mazungumzo ya mashine yaanze.

Na vibati vingi havihitajiki. Ichukue kanga yoyote uitandaze kitandani: pindo, mji, jina. Muhuri mmoja mdogo wa korosho ukiurudia kuzunguka kadi ni pindo, muhuri mmoja mkubwa katikati ni mji, na ukanda wa maneno chini yake ni jina. Mteja wa Tanga hutamfafanulia.

Zile 40 usizitupe bado. Wino uliokataa kukauka ndio hasa ambao unga wa kuvimbisha hupenda kung'ang'ania. Tafuta moja ambayo maandishi hayajasambaa, nyunyiza unga usio na rangi, kung'uta, na kama umeshika kwenye herufi, yeyusha polepole. Angalia mambo mawili: kama karatasi imefunikwa plastiki, itavimba malengelenge na hapo uache, na kama wino umeshapoteza unato, unga hautashika, basi gonga muhuri upya juu ya kipande cha karatasi isiyopakwa, kikate, ukibandike juu ya maneno ya zamani kama lebo. Anza na moja tu. Ikikaa siku mbili ndani ya bahasha na kutoka safi, zifanye nyingine 39.